Upekuzi wa hati, mpima ardhi na afisa mazingira: huduma tatu za mnunuzi wa kiwanja cha ufukweni Uganda

Kiwanja kinachotazama ziwa hakinunuliwi kama kiwanja cha Kira au Nansana, vitongoji vya Kampala vilivyo bara. Hati yaweza kuwa halali, jina la muuzaji likawa ndilo lililomo kwenye daftari, rehani isiwepo, na bado mnunuzi akakosa mahali pa kusimamisha hata banda la kuku. Hapa tunazitathmini huduma tatu anazoweza kulipia kabla ya kutoa pesa ya kiwanja: upekuzi wa hati katika ofisi za kanda za Wizara ya Ardhi, ufunguaji wa mipaka unaofanywa na mpima ardhi aliyesajiliwa, na ukaguzi wa mazingira unaoanzia kwa afisa mazingira wa wilaya na kuishia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Tumezipima kwa swali moja: je, zinamwonyesha mnunuzi ni wapi ataruhusiwa kujenga?

Kwanza mita, maana ndizo zinazoamua yote. Kanuni za mwaka 2000 za kusimamia ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinaweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kwenye maziwa makubwa yaliyoorodheshwa, yakiwemo Victoria, Kyoga, Albert, Edward na George. Ziwa lisilo kwenye orodha lina mita 100. Kwa maziwa, kipimo huanzia kwenye mstari wa maji ya chini. Mito iliyoorodheshwa, kama Nile, Katonga, Kagera na Rwizi, ina mita 100, na mito mingine mita 30. Huko kipimo huanzia alama ya juu kabisa ya maji. Ndani ya ukanda huo hakuna shughuli inayoruhusiwa bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mtendaji wa NEMA. Mtanzania aliyezoea mita 60 za sheria ya mazingira ya kwao, au Mkenya aliyezoea mita 6 hadi 30, ayaache mazoea hayo mpakani Mutukula au Busia.

Sasa weka mita hizo juu ya kiwanja chenyewe. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ikikatwa mita 40 kwa upande wa maji na kwenda nchi kavu mita 100, ekari yote imo ndani ya ukanda. Kipande cha futi 50 kwa 100 ndicho kabisa: kinaweza kupangwa safu sita nyuma ya kingine kutoka majini na cha mwisho bado kisivuke mita 200. Chukua kiwanja kikubwa, mita 60 kwa 300, yaani karibu ekari nne na nusu. Ekari kama tatu zimo ndani ya ukanda. Iliyobaki, ekari moja na nusu hivi, ndiyo ya kujengea bila kumwomba mtu kibali cha ufuko. Bei ya kila ekari inayotangazwa na dalali haitofautishi aina hizo mbili za ekari. Mnunuzi anapaswa kuzitofautisha mwenyewe na kujadili bei kwa hesabu hiyo, kwa sababu kwa kawaida ile sehemu ya mbele inayopigwa picha ndiyo isiyojengeka.

Huduma ya kwanza ni upekuzi wa hati, na kwa bei yake hakuna inayoushinda. Ada ya serikali ni shilingi 10,000 pamoja na malipo madogo ya benki. Mwombe muuzaji nakala ya hati. Kama ni ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu ulio wa kawaida Buganda), angalia kaunti, namba ya bloku na namba ya kiwanja. Kama ni ya ukodishaji au ya umiliki huru, angalia namba ya juzuu na folio. Jaza fomu ya upekuzi, toa namba ya malipo kwenye mfumo wa URA, mamlaka ya mapato, lipa, kisha peleka fomu na risiti kwenye ofisi ya kanda inayohusika: ardhi ya Garuga na Entebbe iko Wakiso, ya Kyaggwe iko Mukono, na ya Kalangala inashughulikiwa Masaka. Utapewa barua inayotaja mmiliki aliyesajiliwa, ukubwa wa kiwanja, aina ya umiliki na mizigo iliyoandikwa juu yake, yaani rehani na mazuio (notisi zinazozuia kiwanja kisihamishwe). Linganisha kila mstari wa barua hiyo na nakala uliyopewa. Ukubwa ukitofautiana hata kwa sehemu ndogo ya hekta, simama hapo hapo. Huenda kiwanja kiligawanywa na muuzaji anakuonyesha karatasi ya zamani.

Usikubali upekuzi uliofanywa na muuzaji au dalali wake, hata kama una mhuri. Lipa mwenyewe au mtume wakili wako, na uurudie asubuhi ya siku ya kulipa. Zuio linaweza kuwekwa wakati wowote, na barua ya wiki mbili zilizopita haiwezi kulionyesha.

Udhaifu wake kwa mtu wa ufukweni ni mkubwa, na si kosa la karani. Daftari la ardhi linajibu swali la nani, haliulizwi swali la maji. Ukanda wa mita 200 hauandikwi kwenye ukurasa wa mizigo, kwa kuwa haukuwekwa na benki wala mahakama. Umewekwa na kanuni, na upo uandikwe usiandikwe. Ardhioevu ni hivyo hivyo. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema serikali inashikilia maziwa ya asili, mito, ardhioevu na misitu ya hifadhi kwa niaba ya wananchi, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaikataza kukodisha au kuhamisha umiliki wa mali hiyo. Hati iliyotolewa juu ya mafunjo baada ya Katiba hiyo inaweza kufutwa hata kama imekaa miaka kwenye daftari ikionekana safi. Barua ya upekuzi haitakuambia kwamba nusu ya kiwanja ni mafunjo. Macho yako na buti za mpira ndivyo vitakavyokuambia.

Jambo la pili lisiloonekana kwenye barua ni watu wa kibanja. Ufuko mwingi wa Buganda ni mailo, na juu ya mailo huishi familia ambazo haki yao haimo kwenye hati ya mwenye ardhi. Aliyekalia ardhi miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila kupingwa na mwenye ardhi analindwa na sheria, na tangu marekebisho ya 2010 hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama kwa sababu ya kutolipa busuulu, kodi ya kila mwaka kwa mwenye ardhi. Nenda na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ukitembea kiwanja chote siku ya kazi na si Jumapili, uulize migomba ni ya nani, makaburi ni ya nani, na kama kuna mwalo ambapo wavuvi hupandisha mitumbwi. Njia ya kwenda mwaloni ikipita katikati ya kiwanja, usinunue ukitegemea kuifunga kwa ukuta. Wanaoitumia kila alfajiri hawataiacha, na ugomvi wake utakusumbua kuliko deni lolote la benki.

Kwa hati ya ukodishaji, fungua ukurasa wa masharti na usome muda. Ukodishaji mwingi wa ardhi ya umma huanza na miaka mitano ya majaribio ya kuendeleza, kisha huongezwa hadi 49. Kama ile mitano iliisha bila kujengwa na bila kuongezwa, muuzaji anakuuzia karatasi. Hakikisha pia kama mkodishaji anapaswa kuidhinisha uhamisho kwa maandishi kabla haujafanyika. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala umiliki huru. Anaruhusiwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Kampuni ambayo hisa zake nyingi zimo mikononi mwa wageni inahesabiwa kuwa mgeni vile vile, hata kama imesajiliwa Kampala. Muuzaji mwenye mailo anayemwambia Mkenya au Mkongo "tutaandika jina la rafiki yako Mganda" anamwekea shimo, kwa kuwa rafiki huyo ndiye atakayekuwa mmiliki mbele ya sheria.

Huduma ya pili ndiyo tunayoipa alama ya juu kuliko zote: kufungua mipaka. Mpima ardhi aliyesajiliwa huchukua ramani ya hati na koordineti za mawe ya mpaka kutoka kwa idara ya upimaji, huenda uwanjani na vifaa vyake, na kuonyesha kila kona iko wapi hasa, mbele ya majirani na LC1. Baadaye hutoa ripoti yenye mchoro na koordineti. Bei inategemea ukubwa wa eneo, umbali na wingi wa kona, kwa hiyo omba makadirio ya watu wawili. Kwa kiwanja cha ufukweni, mwagize jambo moja zaidi ambalo hatalifanya asipoambiwa: mchoro uonyeshe ukingo wa maji siku ya upimaji, ukingo wa mafunjo, na mstari wa mita 200. Bila mistari hiyo mitatu, ripoti itathibitisha tu kwamba kiwanja kipo.

Kosa la kawaida hapa ni la kiufundi, na limewapoteza hata watu waangalifu. Koordineti nyingi za hati za Uganda ziko kwenye mfumo wa zamani wa Arc 1960. Simu yako na ramani za Google zinatumia WGS84. Ukiingiza namba za hati kwenye simu bila kuzigeuza, kiwanja kitaonekana kimesogea takriban mita 300. Shambani bara, mtu atagundua kwamba yuko kwenye mahindi ya jirani. Kando ya ziwa, mita 300 ni zaidi ya ukanda mzima wa hifadhi: kiwanja kilicho ndani ya marufuku kinaweza kuonekana kiko mbali na maji, na kilicho salama kikaonekana kinaelea. Mpima mzuri ataeleza kabla hujamuuliza ni mfumo gani ametumia na amegeuza vipi. Asiyeeleza, au anayekuja na kifaa cha mkononi cha GPS chenye kosa la mita kadhaa badala ya kifaa cha RTK chenye usahihi wa sentimita, mlipe nauli umruhusu aende. Na kumbuka kwamba upimaji wa mailo ulianzia kwenye mkataba wa Buganda wa 1900. Mawe ya zamani yamehamishwa, yamezikwa au yamejengewa juu, na ziwa lenyewe halijatulia mahali pamoja tangu wakati huo.

Ziwa kuhama si maneno ya mapambo. Mwaka 2006 Victoria lilishuka sana baada ya ukame na maji mengi kupitishwa kwenye mabwawa ya Jinja, na ardhi iliyoachwa wazi ikalimwa, ikazungushiwa ua, ikauzwa. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na mwaka 2024 kikavuka hapo. Hoteli, nyumba na mialo iliyojengwa chini ikaingia majini. Kabla ya kumlipa mpima, fungua Google Earth kwenye kompyuta, weka picha za miaka ya nyuma, na ulinganishe ufuko wa 2006 na wa 2020 mahali hapo hapo. Ni bure, na dakika kumi zinatosha. Kiwanja ambacho mstari wake wa maji umesogea makumi ya mita kati ya picha hizo kina mteremko mdogo mno, na mteremko mdogo ndio unaoleta mafuriko, mafunjo na ugomvi na NEMA kwa pamoja.

Muuzaji mjuzi atakwambia kwamba kwa kuwa kipimo huanzia maji ya chini, mwaka ambao ziwa limejaa sehemu ya mita 200 tayari iko majini, kwa hiyo zilizobaki nchi kavu ni chache. Hoja hiyo ina msingi. Ila mstari wa maji ya chini hauonyeshwi kwa kidole na mtu anayetaka pesa. Unawekwa na mamlaka, kwa maandishi, au kwa nguzo za zege pale ambapo mpaka wa hifadhi umeshawekwa. Ukikuta nguzo hizo ndani ya kiwanja, zipigie picha pamoja na koordineti zake na uzipeleke kwa mpima. Ukikuta shimo ambamo nguzo iling'olewa, umeshapata jibu kuhusu muuzaji.

Huduma ya tatu inahitaji subira, lakini ndiyo pekee inayotoa jibu la mwisho. Anza kwa barua kwa afisa mazingira wa wilaya, siyo kwa NEMA moja kwa moja. Ambatisha nakala ya hati, ripoti ya mipaka yenye koordineti, na aya moja inayoeleza unachotaka kufanya: nyumba ya kuishi, kambi ya mahema, gati ya boti, ufugaji wa samaki. Omba ukaguzi na maoni ya maandishi. Afisa akifika, tembea naye na umwombe aonyeshe ardhi anayoiona kuwa ardhioevu, kwa sababu mafunjo yaliyokatwa na kufunikwa kwa murram bado ni ardhioevu kisheria. Udongo mweusi wenye maji futi moja chini, magugu ya majimaji yanayochipua katikati ya murram mpya, mfereji uliochimbwa karibuni: hayo huyaona kabla hajafungua faili.

Kwa mradi wa biashara, faili huendelea NEMA kwenye jengo lao la Jinja Road, na chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na kanuni za tathmini za 2020 kunahitajika muhtasari wa mradi au tathmini kamili ya athari, iliyoandaliwa na wataalamu waliosajiliwa. Hoteli ya ufukweni iingize gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo pamoja na mpango wa maji taka, maana shimo la choo mita 30 kutoka ziwani ndilo jambo la kwanza litakaloulizwa. Matumizi ya jadi ya ardhioevu, kama kuteka maji ya nyumbani, kukata mafunjo na kuvua kwa mitego na vikapu, hayahitaji kibali. Kuchimba mchanga, kujaza udongo na kufuga samaki kunahitaji.

Kinachoharibika mara nyingi hatua hii ni mfuatano. Mtu ananunua, anajenga ukuta, ndipo anaomba. Akikataliwa, anapewa amri ya kurejesha eneo lilivyokuwa kwa gharama yake. Bomoabomoa ya Lubigi mwaka 2024 ilionyesha kwamba nyumba iliyokamilika, yenye umeme na watu ndani, haizuii tingatinga. Na kibali hutolewa kwa shughuli fulani chini ya masharti fulani. Hakihami na hati. Anayeuza kiwanja "chenye kibali cha NEMA" akuonyeshe karatasi, usome jina, shughuli na muda. Kibali cha bwawa la samaki hakijengi baa.

Wanaotafuta ukingo wa Nile kwa ajili ya kambi za mashua na kuogelea wanahitaji tahadhari ya ziada, kwa kuwa wanachonunua mara nyingi ni maporomoko, na maporomoko hayauzwi. Maji ni ya serikali. Maporomoko ya Bujagali yalifunikwa bwawa la megawati 250 lilipojazwa, likaanza kazi 2012, na biashara ya mashua ikasukumwa chini kuelekea Kalagala na Itanda. Bwawa la Isimba la megawati 183, lililozinduliwa 2019, likainua maji tena upande wa chini. Itanda na Kalagala zimo kwenye makubaliano ya hifadhi kati ya serikali na Benki ya Dunia kama fidia ya Bujagali, jambo linalozilinda kiasi na wakati huo huo linazuia ujenzi wa kiholela pembeni mwake. Upekuzi wa hati hauonyeshi lolote kati ya hayo. Uliza kwanza ramani ya mabwawa yaliyopo na yaliyopangwa, ndipo uulize bei.

Ukiweka boti kwa wageni, hilo ni faili jingine: Sheria ya Usafiri wa Majini ya 2021 inataka chombo kisajiliwe, kikaguliwe na kupewa leseni, na jaketi za uokoaji zitoshe kila abiria. Boti ya starehe ya MV Templar iliyozama pwani ya Mukono tarehe 24 Novemba 2018 na kuua watu zaidi ya 30 ilikuwa imejaa kupita kiasi na haikuwa na leseni. Mwenye ufuko anayekodisha gati kwa boti ya mtu mwingine aombe nakala ya leseni na cheti cha ukaguzi kabla ya abiria wa kwanza kupanda. Visiwani Ssese na Buvuma ongeza ziara ya NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, kwani misitu ya hifadhi huko inafika mahali pengi hadi karibu na maji.

Kuhusu malipo, mfuatano unaofanya kazi ni huu. Upekuzi wa shilingi 10,000 kwanza, picha za Google Earth siku hiyo hiyo, kisha matembezi na LC1. Hapo ndipo mwite mpima. Ripoti yake ikionyesha ardhi ya kutosha nje ya mita 200, andika kwa afisa mazingira na usubiri jibu kabla ya kutoa zaidi ya amana ndogo, ambayo mkataba utasema irudishwe maoni yakiwa mabaya. Mara amana ikilipwa, wakili aweke zuio kwa jina lako. Kama muuzaji ana mke au mume na familia inaishi au inajipatia riziki kwenye ardhi hiyo, ridhaa ya mwenzi isainiwe kwenye fomu yake, maana bila hiyo mauzo ni batili. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani inayokadiriwa na mthamini wa serikali, ambayo inaweza kuzidi bei mliyoandikiana. Uutenge kando mapema. Muuzaji anayekataa mpima aingie kabla ya kulipwa nusu, mwache na kiwanja chake.